Mtoto wa Mama Mado

Sisi tuliokulia kambini Shituru, pale Likasi, enzi zile king'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha na ndicho kilichoturudisha nyumbani kula, tulikuwa na swali moja tuliloliogopa kuliko mtihani. Lilitoka kinywani mwa mtu mzima yeyote, hata ambaye hujamwona tangu uzaliwe. "Weye, uko mutoto ya nani?" Ukishaulizwa hivyo, mchezo umekwisha. Unasimama wima, unataja baba, unataja mama, unataja avenyu na namba ya nyumba, na kama muulizaji ni mzee mzee hivi, haridhiki mpaka umtajie na kijiji alikotoka babu yako. Wewe mwenzangu uliyekulia huko unajua ninachosema. Naamini hapo ulipo umeshapapasa sikio lile lililovutwa.

Nayaandika haya nikiwa Bangkok, ghorofa ya kumi na nne, mwaka wangu wa kumi na tatu katika mji huu. Nafundisha Kifaransa kwenye shule moja ya binafsi. Nina binti mmoja, Ngoie, wa miaka kumi na miwili, aliyezaliwa hapa na kupewa jina la mama yangu. Baba yake aliondoka zamani, na hiyo si habari ya leo. Habari ya leo ni kwamba mama yangu, aliyebaki peke yake katika nyumba yetu ile ile ya kambini, kwa mwaka mzima alikuwa ananiomba jambo moja tu kila Jumapili: nimpe huyo mtoto. Nimpeleke Likasi mwezi wa kwanza, akae kwake, asome kwa masista, akue kati ya watu. Na mimi, sitaki kuwaficha, nilikuwa nimekaribia kabisa kukubali.

Msinilaumu kabla hamjajua mama alikuwa ananiita nirudishe mtoto mahali gani. Nyumba zetu za kambi zilikuwa za matofali, zote mapacha, zimepangwa mstari hadi mwisho wa macho, na kati ya nyumba na nyumba palikuwa na ua wa miti mifupi unaofika kiunoni. Sufuria ya jirani uliiona, na jirani aliiona yako. Baba alifanya kazi kiwandani, upande wa matangi ya asidi. Nguo zake za kazi zilikuwa na matundu madogo madogo, zimeliwa na dawa, na mama alizifua peke yake kwenye beseni lake, zisigusane na sare zetu za shule. Upepo ukigeuka, ile harufu ya kiwanda ilikuja ikakukaa kooni. Wageni walikohoa. Sisi tulijua tu kwamba baba yuko kazini.

Mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya poso. Kampuni iligawa unga, mafuta, maharage na samaki wa chumvi, na kambi nzima ilienda kupanga mstari na mikokoteni. Sisi watoto tulirudi tumekalia magunia, weupe kwa unga mpaka kope. Jioni hiyo kila nyumba ilisonga bukari, ugali wetu, na ukipita avenyuni ulisikia miko ikigonga sufuria huku na huku, nyumba baada ya nyumba. Alhamisi walikuja akina mama wa ziwa la Tshangalele na mabeseni ya samaki kichwani, samaki waliokaushwa kwa moshi, na harufu yao ilifika kabla yao. Mvua za kwanza zikinyesha, zilikuja bowa kutoka Kapolowe, uyoga mpana kama sahani, na baadaye masuku, yale matunda ya porini ambayo unayafyonza mpaka midomo inanata. Watoto wa leo ukiwaambia uliwahi kuchuma tunda lisilo na bei juu yake wanakutazama kama umesema uongo.

Na katika hayo yote, wewe mtoto hukuwa na mahali pa kujificha. Mwalimu alimjua mama yako. Fundi baiskeli alimjua baba yako. Ukitukana sokoni saa nne, saa sita unamkuta mama mlangoni ameshaelezwa. Kupigwa kofi na mtu mzima njiani lilikuwa kosa la kwanza, na kurudi nyumbani ukilia juu ya lile kofi lilikuwa kosa la pili, lenye malipo yake. Mama alikuwa na usemi wake wa siku hiyo. "Kama alikupiga, ni kusema alikuona. Shukuru Mungu uko na bantu ya kukuona." Nililia, nikashukuru, nikanyamaza.

Sasa linganisha na huku. Kwenye lifti ya jengo letu watu husalimiana na vitufe vya ghorofa. Jirani wa mlango unaotazamana na wetu namjua kwa viatu vyake tu, maana huku kila mtu huvua viatu nje ya mlango. Ninajua kwamba amenunua raba mpya. Jina lake silijui. Kithai changu ni cha kununulia mboga. Kila siku tisini naenda ofisi ya uhamiaji kujiandikisha kwamba bado nipo, nakaa kwenye kiti cha plastiki na namba mkononi, na huyo karani wa dirishani ndiye mtu pekee katika mji wa mamilioni anayetaka kujua ninaishi wapi. Jumapili asubuhi tunasali na Wakongo wenzetu kwenye ukumbi wa hoteli, tunaimba mpaka jasho linatoka, saa saba wanakuja wahudumu kupanga viti kwa ajili ya harusi ya mtu mwingine, na kila mmoja anashika treni yake ya juu kwenda upande wake.

Sisemi kwamba mji huu haujanitendea mema. Mwaka wangu wa kwanza nilipita kwenye soko la barabarani nikaona beseni limejaa viwavi waliokaangwa, wanene, wanang'aa kwa mafuta, sawa na vinkubala vyetu. Nilisimama pale machozi yakinilenga, na muuzaji akafikiri nina kinyaa. Nilikula wote waliojaa kwenye karatasi, nikiwa nimesimama. Siku nyingine, tukiwa kwenye basi la kwenda nje ya mji, niliona mashamba ya mihogo pande zote za barabara, na nikaelezwa kwamba huku wanataka mizizi tu, majani yanabaki shambani. Niliumia rohoni kama mtu aliyeona chakula kinamwagwa. Tangu hapo kuna mwenye shamba mmoja anayeniletea mfuko wa majani kila akija mjini, hajui nayafanyia nini, na mimi natwanga sombe, kisamvu chetu, kwenye kinu kidogo cha mawe ambacho Wathai wenyewe wanacho katika kila jiko. Kwa hiyo tumbo halikunipa shida. Shida ilikuwa mtoto.

Ngoie wangu ni mtoto mwema, lakini ni mtoto wa zama hizi. Ana vidude masikioni muda wote, hata akila. Akiwa na kiu ya chai ya maziwa haendi kununua. Anagusa simu, na kijana wa pikipiki anakuja kuipandisha ghorofa ya kumi na nne. Nikimwambia sisi tulitembea na miguu mpaka mtoni kuchota maji mabomba yalipokauka, ananiuliza kwa heshima kabisa kama hakukuwa na namna nyingine. Kuruka kamba hajui. Gari la waya hajui. Anarudi kutoka shule saa kumi, mimi narudi saa kumi na moja na nusu, na ile saa moja na nusu ilikuwa inanila. Mama yangu alijua hapo ndipo penye kidonda, na kila Jumapili alibonyeza hapo hapo.

"Kule akipotea," aliniambia, "nani atamurudisha ku nyumba? Bantu ya kule banajua iko mutoto ya nani?"

Nilikuwa ninamtazama mama kwenye simu, kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande, ukuta wa sebule yetu nyuma yake na ile picha ya baba, na nilijiona mimi mwenyewe nina miaka tisa, na niliona kwamba ana haki.

Acha niwaambie yaliyonipata nilipokuwa na hiyo miaka tisa, maana hayo ndiyo yaliyonifanya niamini kambi yetu kuliko mahali pengine popote duniani. Reli ilipita nyuma ya nyumba zetu. Tulikuwa na mchezo wa kuweka vifuniko vya chupa juu ya chuma, treni ya mizigo ikipita inavilalia, navyo vinakuwa bapa kabisa. Wavulana walivitumia kama magurudumu ya magari yao ya waya. Sisi wasichana tulitoboa tukavaa shingoni. Wazazi walikuwa wamekataza reli kwa maneno makali kuliko wanavyokataza wizi. Siku hiyo nilikuwa nimechutama ninapanga vifuniko vyangu, wenzangu wameshakimbia bila kuniambia, nikaona kivuli. Mfanyakazi wa reli, mrefu, kofia mkononi, amesimama juu yangu.

"Weye, uko mutoto ya nani?"

Nikitaja nyumbani, baba angeniua. Nikatafuta jina haraka haraka, na jina lililokuja ni la Mama Mado. Huyu alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, mke wa dereva, aliyekaanga mikate asubuhi na kuwauzia wanafunzi. Hakuwa na mtoto. Katika akili yangu ya miaka tisa, mama asiye na mtoto hana fimbo ndani ya nyumba, na mambo yangeishia hapo. Nikasema, "Ya Mama Mado."

Hapo ndipo nilipokosea. Kambi nzima ilijua kwamba Mama Mado hakujaliwa, na jambo hilo halikutajwa mbele yake hata kwa mzaha. Ila huyu mtu wa reli alikuwa mgeni, hakujua. Alinishika mkono, tukatembea avenyu nzima, mimi nikimwonyesha nyumba, watu wakitutazama kutoka uani, mpaka mlangoni kwa Mama Mado, akabisha. Akasema kwa adabu, "Mama, mutoto yako alikuwa ku reli."

Mama Mado alinitazama. Alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Sijui alinitazama muda gani, lakini nakumbuka mafuta yalikuwa yanalia kwenye karai nyuma yake na hakugeuka kuyaangalia. Mwisho akasema, "Eyo, iko wangu. Merci, papa." Yule mtu akainamisha kichwa, akaenda zake. Mlango ulipofungwa, Mama Mado alichukua mwiko, akanipiga kwenye viganja vyote viwili, kimoja kimoja, vizuri, bila hasira. Kisha akanipa mkate wa moto, nilie huku naula.

Jioni alikuja nyumbani kwetu. Nilikuwa chini ya meza, nasikia kila kitu. Alimweleza mama, na mama hakucheka wala hakuomba radhi. Aliniita. "Ulisema weye uko mutoto ya Mama Mado?" Nikakubali. "Basi ulishasema. Ni ya kweli." Tangu wiki hiyo, kila Jumamosi alfajiri nilipelekwa nyumba ya pili kufagia ua, kukanda unga, kwenda kupokea samaki wa Tshangalele kwa niaba yake. Mama Mado akinituma alikuwa na neno lake, analisema kwa sauti ili majirani wasikie. "Ulijichagulia mama weye mwenyewe. Sasa kuya, mama iko na kazi." Nilipopasi darasa la sita, mikate ya siku hiyo aliigawa bure kwa shule nzima. Na alipofariki, nikiwa na miaka kumi na minane, wazee walinitoa kati ya wageni, wakanikalisha mkekani pamoja na wafiwa, nikiwa wa kwanza, mahali pa mtoto. Hakuna aliyepinga. Nililia kama mtoto, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa.

Sasa mnaelewa. Nilitaka Ngoie naye awe na mahali ambapo hata akidanganya, uongo wake unapewa mwiko na mkate. Mwezi wa kumi, mwaka huu tulio nao, nilimwambia mama kwamba nitamleta. Nilimwambia Ngoie pia. Alivua vidude masikioni, akaviweka mezani, akauliza kama nami nitabaki huko. Nikasema nitarudi kazini. Hakulia. Aliniambia "sawa, mama", akaenda chumbani kwake, na ile "sawa" yake ilikuwa imenikaa moyoni siku nne nzima wakati mvua iliponyesha.

Mvua ya Bangkok ya mwezi wa kumi haina mchezo. Ilianza saa tisa. Mimi nilifika nyumbani saa kumi na mbili kasoro, nimelowa, maji yamefika magotini katika kichochoro chetu, na mlango nikaukuta umefungwa. Viatu vya Ngoie havipo nje. Simu yake haipatikani. Nilishuka tena. Mlinzi wa jengo alinieleza jambo refu kwa Kithai, akionyesha barabara kuu kwa mikono miwili, na katika maneno yote niliambulia moja tu, mtoto. Mwanzoni mwa kichochoro huwa kuna mama anayeuza saladi ya papai mbichi, anaitwa Pa Lek, yaani shangazi Lek, mnene, mwenye mdomo, mtu wa mashambani kaskazini mashariki. Kwa miaka yote nilinunua kwake nikilipa na kutikisa kichwa. Siku hiyo kinu chake kilikuwa kimefunikwa kwa turubai na mwenyewe hayupo. Nilisimama kwenye maji yale. Nilimwona mama yangu akiniuliza nani atamrudisha mtoto nyumbani. Nilianza kuomba kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwetu, watu wakinipita na miavuli.

Ikaja pikipiki ya abiria, dereva na fulana yake ya rangi ya chungwa, inapasua maji polepole. Nyuma ya dereva Ngoie. Nyuma ya Ngoie, Pa Lek, ameshika mwavuli juu ya mtoto na yeye mwenyewe analoa. Walisimama mbele yangu. Pa Lek alishuka, akamshika Ngoie sikio, akamsomea maneno ambayo sikuyahitaji kutafsiriwa, halafu akanigeukia mimi. Nilikaripiwa pale kichochoroni mbele ya madereva wote wa kituo cha pikipiki cha pale, mwalimu mzima, na nilisimama wima, mikono mbele, nikikaripiwa.

Ndani, nikimkausha nywele, Ngoie akanieleza. Mashua za mfereji anazorudi nazo zilisimamishwa kwa sababu ya mafuriko, wakateremshwa kituo asichokijua, na simu ikazima. Mama mkata tiketi alimkuta amejikunyata chini ya paa.

"Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani," alisema.

Taulo ikanisimama mkononi. "Ukasema nini?"

"Wa Pa Lek, wa saladi ya papai, nikataja na kichochoro chetu. Watu wa mashua wakacheka sana. Lakini wakapiga simu kituo cha pikipiki cha hapa kwetu, na Pa Lek akaja."

"Kwa nini hukunitaja mimi?"

Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anatafuta jibu la kweli. "Wewe hakuna anayekujua, mama. Mimi wananijua. Nikitoka shule nakaa kwa Pa Lek mpaka saa kumi na moja, namenya kitunguu saumu. Ukikaribia kufika ndiyo napanda juu."

Saa moja na nusu yangu, iliyonila mwaka mzima. Alikuwa anamenya kitunguu saumu. Nilikasirika, nikacheka, kisha nikalia, na mtoto akanitazama bila kuelewa ni kipi kati ya hivyo ajibu. Sikuwa nimewahi kumsimulia habari za Mama Mado, hata kidogo. Asubuhi nilikaanga mikate, nikaipeleka chini ingali moto. Pa Lek aliuma mmoja, akatafuna, akaongeza wa pili mfukoni, na kwa Kithai changu cha mboga nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu yeyote katika kichochoro kile kwa miaka kumi na mitatu: jina langu, ninapofanya kazi, ninakotoka.

Jumapili, saa kumi na moja jioni huku na saa sita mchana Likasi, nilimsimulia mama. Alicheka mpaka akakohoa, akashika picha ya baba kana kwamba anamweleza naye. "Mama Mado alirudia," alisema. "Alirudia mupaka kule kwa bantu ya mbali." Nikadhani sasa ataniuliza tarehe ya safari. Alitazama pembeni, mahali ambapo simu haikunionyesha.

"Usimulete kukala hapa," akasema.

"Juu ya nini, mama?"

"Nilikudanganya. Hapa hakuna muntu anauliza tena batoto. Bote balijenga bibambazi ya matofali. Batoto banapita mu avenyu, sijue iko ba nani, na minye nikibauliza banakimbia, banasema niko muloji, muchawi." Alivuta kitambaa chake mbele. "Nilimutaka juu niko minye moja mu nyumba. Njo ile tu."

Nilijua, na sikutaka kujua. Mara ya mwisho nilipofika nyumbani, miaka sita iliyopita, niliona zile nyua za miti zimeng'olewa. Pale palipokuwa na ua wa kiunoni pana ukuta wa matofali unaopita kichwa, na vigae vya chupa juu yake, na geti la chuma. Kazi za kiwandani zilipungua, wazee walikufa, nyumba ziliuzwa kwa watu waliokuja kutoka huku na huku kutafuta riziki ya madini, nao wanaondoka alfajiri na kurudi wamechoka, na hawakuwahi kuwa na siku ya poso ya kuwakutanisha mstari mmoja. Watoto wao wana simu kama huyu wangu. Tumewasema sana vijana hawa, sisi wa enzi zile, kwamba hawasalimii, hawatambui mtu. Lakini hizo kuta hawakujenga wao. Tulijenga sisi, au tuliuza tukaondoka, na mimi niliondoka mbali kuliko wengi, kisha kwa mwaka mzima nikawa nataka kumrudisha mwanangu katika kambi ambayo imebaki kichwani mwangu tu, na kichwani mwa mama, ambaye amekaa ndani yake peke yake akinidanganya kwamba bado ipo. Hilo liliniuma kuliko kukaripiwa na Pa Lek.

Nilimwambia tutakuja Noeli, wote wawili, mwezi mzima, na tutarudi wote wawili. Na kwamba yeye aanze kufikiria kama anaweza kuvumilia lifti. Aliuliza Ngoie anakula nini.

Jumapili iliyofuata nilimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani, kitambaa kimekaa sawa, na sauti yake ilikuwa ya yule mama wa mlangoni saa sita. Alikuwa ametoka na fimbo yake kuzunguka avenyu, geti kwa geti. Kila geti alikuwa na maneno yale yale. "Kuko mutoto atafika ku Noeli. Ni majina yangu, tunaitwa jina moja. Kiswahili hajue muzuri. Mukimuona anapotea, mumulete kwangu, iko wangu." Geti la kwanza lilimjibu kwa mbwa. Geti la pili mlinzi alisema mwenye nyumba hayupo. Geti la tatu alifungua mwanamke kijana, mtoto mgongoni, akafungua nusu tu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Akaniuliza: na weye, mama, weye njo nani?"

Mama amekaa kwenye avenyu ile tangu kabla sijazaliwa. Kutoka geti hilo, paa la nyumba yetu linaonekana. Nikasubiri ahuzunike, lakini alikuwa anaendelea kusimulia, haraka haraka, kama mtoto aliyesimamishwa njiani.

"Nikamuambia jina yangu, ya baba yako, namba ya nyumba, na ya kambo yako, babu wa Kapolowe. Yote. Akafungua geti, akaniletea kiti. Ule mutoto ya mugongo anatoka meno, hajue hata ya kumupatia, nikamuonyesha. Nilirudia jua inaingia."

Niliuliza amefika geti la ngapi.

"Mupaka ile ya tatu," alisema. "Yanabaki munane. Nitamaliza iyi wiki."